Istilahi za Hitilafu: Uhakiki wa Maneno ya Kuhamishia Mafaili

Tumezoea kuipima istilahi kwa mizani miwili. Kwanza twauliza asili yake: je, neno limetoka ndani ya Kiswahili, ama limetoholewa inavyostahili? Pili twauliza umbo lake: je, linakubali viambishi vyetu bila kulalamika? Katika makala haya tunakusudia kuongeza mzani wa tatu, ambao kwa maoni yetu umesahauliwa mno: je, neno hilo linamwelekeza mtumiaji mahali penye kazi? Chombo kinapokwenda vizuri, mzani huu hauonekani kuwa na uzito. Lakini chombo kinapokwama, na mtu akawa hana msaada ila maneno yaliyo mbele yake, neno lisilo sawa humpeleka mbali na tatizo lake.

Mfano wetu unatoka Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, ambako mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892 ungali umesimama. Tulifika huko, karibu na kijiji cha Bweni, ili kukusanya maneno ya mabaharia. Kompyuta haikuwamo katika shughuli yetu. Hata hivyo, katika ofisi moja ndogo tulimkuta karani aliyekuwa siku ya tatu akijaribu kuhamisha faili la taarifa za mwezi, kutoka kompyuta kuukuu ya mezani kwake kwenda kompyuta ya ofisi kuu iliyoko Dar es Salaam. Kando yake palikuwa na mwongozo wa Kiswahili uliochapwa kwa kusudi hilo hilo. Aliposikia kazi yetu alitwambia: "Kumbe nyinyi ndio wenye maneno haya! Basi, ndugu zangu, nielezeni: bandari namba 21 ni ipi? Mimi nimezaliwa Mafia, na bandari niijuayo ni ya Kilindoni."

Tulicheka naye, kisha tukanyamaza, kwani swali lake lilikuwa la haki. Alikuwa ameamua kwamba faili likikataa siku ile pia, kesho yake angelichukua katika flashi mpaka Kilindoni, safari inayokata sehemu kubwa ya urefu wa kisiwa, kwa gharama yake mwenyewe. Tuliusoma mwongozo wote pamoja naye. Mtungaji wake hatumtaji, maana dosari tulizoziona si zake peke yake. Nyingine ni zetu pia.

Asili ya jambo lenyewe

Yafaa kwanza msomaji aelewe kazi inayozungumzwa. Itifaki ya kuhamisha mafaili, maarufu kwa kifupi chake FTP, ni miongoni mwa itifaki kongwe za mitandao ya kompyuta. Abhay Bhushan aliiandika mara ya kwanza mwezi Aprili 1971 huko Marekani, na sura yake iliyodumu ilitolewa mwezi Oktoba 1985 na Jon Postel pamoja na Joyce Reynolds. Mwaka 2021 vivinjari vikubwa, Chrome na Firefox, viliiondoa. Pamoja na hayo, ofisi zenye mitambo ya zamani zingali zikiitumia, kwa sababu mtambo wa zamani huzungumza lugha ya zamani.

Kwa upande wetu, historia inaeleza kwa nini maneno yamechelewa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likitoa istilahi za utawala na taaluma kwa wingi, kompyuta zilikuwa chache, na waliozitumia waliziongelea kwa Kiingereza. Hata mapema katika miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilipoanza kupelekeana ujumbe na mafaili kwa njia ya simu chini ya mradi wa ESANET, maneno ya kazi yalibaki ya kigeni. Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Lakini katika tafsiri za aina hii macho huelekea kwanza kwenye majina ya amri: fungua, hifadhi, chapa, futa. Ujumbe wa hitilafu huja mwisho, wakati mfasiri amekwisha kuchoka. Huko ndiko tunakotaka kumulika.

Neno moja kwa hitilafu nne

Dosari ya kwanza ya mwongozo ule, na kubwa kuliko zote, ni sentensi moja iliyorudiwa kila ukurasa: "Muunganisho umeshindikana." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba imefunika hitilafu nne ambazo hazina undugu.

Hitilafu ya kwanza ni jina kutojulikana. Kompyuta imepewa jina la seva, ikauliza anwani yake, na hakuna aliyeijua. Dawa ni kusahihisha jina au kutazama huduma ya majina. Hitilafu ya pili ni kukataliwa. Seva imepatikana, nayo imejibu mara moja kwamba hakuna programu inayosikiliza mahali palipobishwa. Hapa njia ni nzima. Mwenye kazi ni msimamizi wa seva. Hitilafu ya tatu ni kimya. Kompyuta imebisha, ikangoja, na hapana aliyejibu ndiyo wala siyo, hata muda ukapita. Hapa yumkini njia imekatika, au pana kizuizi kinachomeza maneno. Hitilafu ya nne ni kukatwa: mazungumzo yalianza, kisha upande mmoja ukayafunga, mathalani kwa kuwa mwingine alikaa muda mrefu bila kusema kitu.

Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kuyatenga mambo haya. Mtu akienda kuposa, hataleta nyumbani habari kwamba "posa imeshindikana" akaishia hapo. Atasema kama nyumba hakuiona, au amekataliwa, au amebisha hodi pasiwe na mtu, au amekaribishwa kisha maneno yakakatishwa. Wazee watajua la kufanya kwa kila hali. Ikiwa lugha ya kila siku hutofautisha hivi, mfasiri ana udhuru gani wa kuyatia yote katika kapu moja? Karani wetu alikuwa amepoteza siku nzima akibadilisha neno la siri, ilhali hitilafu yake haikuhusu neno la siri hata kidogo.

Namba zilizoachwa

Dosari ya pili ni ya kuacha. Seva ya FTP haijibu kwa maneno peke yake. Kila jibu hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu. Mwongozo ulizifuta namba hizi, bila shaka kwa kudhani kwamba zinamtisha msomaji. Kumbe namba hizo ni sarufi kamili. Tarakimu ya kwanza hueleza hatima ya ombi: 2 ni kwamba limetimizwa, 3 ni kwamba seva inangoja neno jingine, 4 ni kwamba limekwama kwa muda na laweza kurudiwa, 5 ni kwamba limekataliwa na kulirudia vile vile hakufai. Tarakimu ya pili hueleza mlango wa habari: 0 ni umbo la amri, 2 ni njia za mawasiliano, 3 ni utambulisho wa mtu, 5 ni mambo ya mafaili.

Mwenye kujua haya akiona 530, atasoma: limekataliwa, na sababu ni utambulisho, atazame jina lake na neno lake la siri. Akiona 550, atasoma: limekataliwa, na sababu ni faili, huenda halipo, au hana ruhusa nalo. Akiona 425, atasoma: limekwama, na sababu ni njia. Kompyuta ya Ras Mkumbi ilikuwa ikionyesha 425 tangu siku ya kwanza. Jibu la swali lilikuwa kiooni, na mwongozo haukumfundisha karani kulisoma. Twashauri kwa nguvu kwamba tafsiri yoyote ya ujumbe wa hitilafu isiiondoe namba yake kamwe. Namba haihitaji kufasiriwa, yahitaji kufafanuliwa.

"Bandari" au "mlango"?

Sasa turudi kwenye swali la karani. Mfasiri wa mwongozo alikutana na neno la Kiingereza ambalo kwa matamshi na tahajia ni moja, lakini lina mashina mawili ya Kilatini: moja lenye maana ya bandari, na jingine lenye maana ya lango au mlango. Alichukua la kwanza. Maana inayotakiwa katika mitandao ni hii ya pili. Kompyuta moja yenye anwani moja huwa na milango mingi yenye namba, ambayo hufika hata 65535, na nyuma ya kila mlango uliofunguliwa kuna programu inayosikiliza. Mlango namba 21 ni wa kupokea amri za FTP.

Kosa hili si dogo. Neno "bandari" humfanya msomaji afikirie mahali pa mbali panapofikiwa na chombo. "Mlango" humfanya afikirie kitu kilicho katika jengo lenyewe, kinachoweza kufunguliwa, kufungwa na kulindwa. Neno likishakubaliwa, mengine hufuata kwa utaratibu. Kile ambacho wengi wamekiita "ukuta wa moto," na ambacho mtu wa kawaida hukielewa kuwa ni ukuta unaoungua, kinaweza kuitwa "bawabu," maana kazi yake ni kusimama mlangoni na kuamua nani apite. Sentensi "Bawabu amefunga mlango namba 21" inajieleza yenyewe. Sentensi "Ukuta wa moto umezuia bandari namba 21" yahitaji mkalimani, ingawa kila neno lake ni la Kiswahili.

Hatusemi kwamba maneno ya bahari hayafai. Kinyume chake, "kupakia" na "kupakua," yaliyotoka kwa wachukuzi wa shehena, yamefaulu vizuri kabisa kueleza faili linalokwenda kwenye seva na linalotoka huko. Neno la bahari lifuate maana. Lisifuate mlio wa neno la kigeni.

"Tendaji" na "tuli"

Twafika kwenye kiini cha hitilafu ya Ras Mkumbi. FTP ina tabia ya pekee: hutumia njia mbili. Njia ya kwanza ni ya amri, nayo hukaa wazi muda wote wa mazungumzo. Njia ya pili ni ya shehena yenyewe, yaani orodha ya mafaili au faili linalohamishwa, nayo hufunguliwa kila inapohitajika. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia kwa jina lake, akakaribishwa vema, kisha asione hata orodha ya mafaili: njia ya amri imepita, njia ya shehena imekwama.

Njia hii ya pili yaweza kufunguliwa kwa mitindo miwili. Katika mtindo mmoja, kompyuta ya mtumiaji huitajia seva anwani na mlango wake, na seva huja kuufungua. Katika mtindo wa pili, seva ndiyo hutaja anwani na mlango, katika jibu lenye namba 227, na kompyuta ya mtumiaji huifuata. Mwongozo uliiita mitindo hii "hali tendaji" na "hali tuli." Tulimwuliza karani aelewavyo. Alisema kwamba katika hali tuli kompyuta imepumzika, na kwa kuwa yeye alitaka kufanya kazi, aliacha ya pili na kuchagua tendaji. Nani atamlaumu?

Jibu tulilipata jioni kwa nahodha mstaafu, tulipomweleza jambo hili kwa mfano wa bahari. Maji yakipwa, chombo kikubwa hutia nanga mbali. Walio pwani na walio chomboni huweza kuitana na kupatana, lakini shehena haiendi kwa sauti, yahitaji mashua. Mzee akasema: "Hapo, wanangu, ni kuulizana jambo moja tu: nani anamfuata mwenzake?" Neno tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa hilo. Twapendekeza "mtindo wa seva kufuata" na "mtindo wa seva kufuatwa." Maneno haya yanataja mtendaji na mwelekeo, ambayo ndiyo mambo mawili mtu anayohitaji kujua, na kiambishi cha kutendwa kilichomo katika "kufuatwa" kinahifadhi ule mkabala wa kisarufi uliokuwamo katika maneno ya asili.

Kwa istilahi hizi hitilafu inajisema. Kompyuta ya karani ilikuwa imeunganishwa kupitia kifaa cha mtandao wa simu, na anwani yake ilikuwa ya ndani, isiyojulikana nje. Alipotaka seva imfuate, aliitajia anwani ile ya ndani, mithili ya mtu anayesema "nipo chumba cha tatu" bila kutaja nyumba wala mtaa. Seva haikuweza kufika, ikajibu 425. Dawa ni kutumia mtindo wa seva kufuatwa. Palikuwa na mtego mmoja zaidi: programu ya amri iliyokuja na Windows, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitumia, haina uwezo wa kuifuata seva. Ukiipelekea seva amri ya PASV kwa mkono, seva hujibu 227 na kungoja, lakini programu yenyewe huendelea kutaka ifuatwe. Tulipotumia programu nyingine yenye uwezo huo, orodha ya mafaili ilitokea mara moja, faili likapakiwa, na seva ikajibu 226, yaani limetimizwa.

"Maandishi" na "jozi"

Furaha yetu haikudumu. Baada ya muda ofisi kuu ilipiga simu kwamba faili limefika lakini halifunguki. Mwongozo ulikuwa umesema: "Kwa taarifa za maandishi chagua Maandishi; vinginevyo chagua Jozi." Taarifa ya karani ilikuwa ya maandishi, ingawa ilikuwa imefungwa katika faili lililobanwa, akachagua Maandishi kwa imani njema.

Katika FTP chaguo hilo halihusu yaliyomo kama msomaji ayaonavyo. Mifumo ya kompyuta haikubaliani jinsi ya kuonyesha mwisho wa mstari: Windows hutumia alama mbili, Unix hutumia moja. Ukichagua Maandishi, umeiruhusu mitambo kubadilisha alama hizo njiani. Kwa waraka mtupu hilo ni jema. Kwa picha, sauti au faili lililobanwa ni uharibifu, maana chochote kinachofanana na alama hizo kitabadilishwa pia. Na kweli, tulipolinganisha ukubwa, faili lililofika lilikuwa dogo kuliko lililoondoka.

"Jozi" ni neno la hesabu za kompyuta, na halimwambii karani kitu. Lakini waraka wa mwaka 1985 wenyewe haukuliita chaguo hili kwa jina la hesabu. Uliliita kwa neno lenye maana ya sura au mfano halisi wa kitu. Sisi twapendekeza "Kama lilivyo" badala ya "Jozi," na "Badilisha mistari" badala ya "Maandishi." Mtu akiulizwa, "Faili liende kama lilivyo, au mistari yake ibadilishwe?" hatakosea. Karani alipolituma kama lilivyo, lilifunguka, na safari ya Kilindoni ikafutwa.

Mapendekezo

Wako watakaosema kwamba tunajisumbua, kwa kuwa mafundi hutumia Kiingereza. Twajibu kwamba aliyekuwa Ras Mkumbi hakuwa fundi, na wala hapakuwa na fundi wa kuitwa. Wako pia watakaosema tumekataa utohozi. Hatukukataa; "faili," "seva" na "programu" zinafanya kazi yake bila kumpotosha mtu. Katika mwongozo ule maneno yaliyotoholewa hayakumdhuru karani hata mara moja. Yaliyomdhuru ni maneno safi ya Kiswahili yaliyowekwa mahali pasipo pake.

Hatuna budi kujihukumu nasi. Tangu miaka ya 1970, katika orodha za Tafsiri Sanifu na nyinginezo, desturi imekuwa kuweka neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Orodha ya namna hiyo haiwezi kumwonyesha mfasiri kwamba "bandari" imekosewa, kwa sababu katika orodha neno halifanyi kazi yoyote. Kwa istilahi za hitilafu, twapendekeza kila neno litolewe pamoja na sentensi moja ya mtu aliyekwama, na lisipitishwe kabla ya kujaribiwa kwa mtumiaji asiye fundi.

Kwa muhtasari, tunaleta haya mbele ya wasomaji:

1. "Jina halijulikani," "Imekataliwa," "Kimya: muda umepita" na "Imekatwa," badala ya "Muunganisho umeshindikana."
2. "Mlango" badala ya "bandari," na "bawabu" badala ya "ukuta wa moto."
3. "Njia ya amri" na "njia ya shehena," kwa njia mbili za FTP.
4. "Mtindo wa seva kufuata" na "mtindo wa seva kufuatwa," badala ya "hali tendaji" na "hali tuli."
5. "Kama lilivyo" na "Badilisha mistari," badala ya "Jozi" na "Maandishi."
6. Namba ya hitilafu ibaki daima, na maana ya tarakimu zake ielezwe mwanzoni mwa kila mwongozo.

Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa wanaofanya kazi na mitambo ya zamani katika ofisi za mbali, twawaomba wayalete yajadiliwe. Nao wasisahau kuandika chini ya kila neno jinsi lilivyomsaidia mtu kulipata tatizo lake.